Nyuso mbili za mchezo mmoja: niliyojifunza nikitunza msimbo wa terminali na wa dirisha

Ujumbe uliingia saa tano usiku. Nilikuwa nyumbani Sinza, umeme umekatika, nabanabana chaji iliyobaki kwenye kompyuta. Kijana mmoja wa Mbagala aliandika: "Dada, shikamoo. Mchezo umefunguka vizuri, ila kila nikibonyeza mshale wa kwenda juu, mtu wangu anatupa mzigo wote chini." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza anachezea kwenye mashine gani. Kumbe hakuwa na kompyuta. Alikuwa ameingia kwenye seva ya rafiki yake kwa simu, kupitia programu ya terminali, na mtandao ulikuwa unasuasua.

Mchezo wenyewe ni programu huria tunayoitunza watu wanne, kila mmoja kwa saa zake za jioni. Mtafuta hazina anashuka mapangoni, na tulipoyachora tulikuwa tunayawaza mapango ya Amboni kule Tanga. Kila anachokutana nacho ni herufi: P ni popo, N ni nyoka, na mwamba ni ile alama tunayomalizia nayo tukituma pesa kwa simu, reli. Mchezo una nyuso mbili. Uso mmoja ni wa terminali, maandishi matupu. Mwingine ni wa dirisha, wenye vipicha na rangi. Amri ni za Kiswahili: O ni kuokota, K ni kunywa, na A kubwa ni kuacha mzigo wote.

Hiyo A ndiyo iliyomponza kijana wa watu.

Kitufe cha mshale hakipeleki neno "juu" kwenye programu. Terminali tunazotumia leo bado zinaiga mashine za zamani, hasa VT100 ya mwaka 1978, na kwa desturi hiyo mshale wa juu hupeleka baiti tatu, yaani namba ndogo tatu zinazofuatana: 27, 91, 65. Baiti ya 27 ni sawasawa na kitufe cha Esc. Ya 91 ni mabano ya mraba. Ya 65 ni herufi A kubwa. Kwa hiyo programu ikipokea 27 lazima isubiri kidogo: je, mtu amebonyeza Esc, au huu ni mwanzo wa mshale? Maktaba ya ncurses, yaani msimbo uliokwisha kutengenezwa wa kuchora na kusoma vitufe kwenye terminali, isipoambiwa vingine, husubiri milisekunde 1000. Mimi nilikuwa nimeishusha hadi 25, kwa sababu kwenye mashine yangu menyu zilikuwa zinachelewa kufunga nikibonyeza Esc. Kwangu mambo yakawa mazuri. Kwenye simu ya Mbagala baiti zile tatu zilikuwa zinafika zimeachana: Esc ikafunga menyu isiyokuwepo, mabano yakapuuzwa, A ikatii amri yake. Mzigo chini.

Tulirekebisha usiku uleule. Muda wa kusubiri sasa unawekwa kwenye faili la mipangilio, na tumeuanzisha kwenye 200. A inauliza kwanza kabla ya kutupa chochote. Tena mtu anaweza kutembea kwa namba, 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, maana namba ni baiti moja moja na hazina utata wowote. Kazi yote ilichukua kama dakika ishirini, ndani ya faili moja. Mwaka mmoja kabla yake ingetuchukua wiki, na sababu yake ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Mwanzoni msimbo wetu haukuwa na mpaka. Sehemu inayopiga hesabu za mapigano ndiyo hiyohiyo iliyochora. Uso wa dirisha ulipoongezwa, tukajaza masharti kila kona: kama ni dirisha fanya hivi, kama ni terminali fanya vile. Siku moja mwenzetu aliongeza mwako mwekundu kwenye dirisha pale nyoka anapouma. Ulipendeza kweli. Alichosahau ni kuandika chochote upande wa terminali, na sisi watatu tuliopitia kiraka chake, yaani mabadiliko ya msimbo aliyotuma, wote tulikuwa tunachezea dirishani. Kwa miezi mitano wachezaji wa terminali walikuwa wanaumwa na nyoka kimyakimya mpaka wanakufa. Hakuna aliyelalamika. Waliondoka tu, na nilikuja kujua pale binti mmoja niliyekutana naye kwenye mkutano wa watengeneza programu pale Kijitonyama aliponiambia aliuacha mchezo kwa sababu "unaua watu bila kusema". Niliumia sana. Wanaochezea kwenye terminali mara nyingi ndio wenye mashine dhaifu na bando dogo, na hao ndio tuliokuwa tumewawaza tangu mwanzo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una muda wa mmoja tu basi shika huu: mchezo usijue unaonyeshwa wapi. Sehemu ya mapigano iseme "nyoka amemuuma, afya imepungua 3", iishie hapo. Uso wa dirisha utaamua kuwaka wekundu. Uso wa terminali utaandika mstari chini ya ramani. Wala si ugunduzi wangu. NetHack, mchezo wa mapangoni ambao umekuwepo tangu 1987, una jedwali la kazi ambalo kila uso lazima ulijaze: uso wa terminali, wa X11 na wa Qt (njia mbili za kuchora madirisha), wa Windows. Ukifungua msimbo wa Angband, mchezo mwingine wa aina hiyo, utakuta faili la main-gcu.c kwa ajili ya curses (ncurses ni toleo lake jipya), main-x11.c, main-win.c, kila moja limekaa upande wake. Soma hizo kabla hujaandika yako. Mimi nilizisoma nikiwa nimeshachelewa.

Jedwali letu lina kazi kumi na moja. Onyesha alama mahali fulani, andika ujumbe, subiri kitufe, uliza ndiyo au hapana, safisha, na nyingine za namna hiyo. Kila miezi michache anakuja mtu mwenye nia njema anaomba ya kumi na mbili. Ninamuuliza swali lilelile: kwenye terminali hii itakuwaje? Akiwa na jibu, tunazungumza. Akiwa hana, tunasubiri.

Halafu tengeneza uso wa tatu ambao hauna skrini kabisa. Wetu unasoma vitufe kutoka kwenye faili la maandishi na kuandika kila ujumbe kwenye faili lingine. Kila kiraka kinapoingia, unacheza wenyewe michezo kadhaa tuliyoihifadhi, na matokeo yakitofautiana na ya jana kiraka kinasimama. Yule nyoka asingepita hapo hata siku moja. Mistari ya msimbo huo haifiki mia mbili, na sijawahi kuandika mistari iliyonipa usingizi mzuri kuliko hiyo.

Sasa Windows. Tulichora kuta kwa mistari mizuri ya Unicode, ile orodha ya herufi na alama za lugha zote, badala ya vistari vya kawaida. Kwenye Linux zilinyooka. Kisha mtu akatuma picha ya skrini yake: mahali pa kila kipande cha ukuta palikuwa na ΓöÇ. Nilizitazama herufi zile kwa muda mrefu mpaka nikaelewa. Kipande kimoja cha ukuta katika UTF-8, njia ya kuandika Unicode kwa baiti, ni baiti tatu, na terminali yake ilikuwa inasoma kila baiti peke yake kwa jedwali la herufi la zamani la DOS, namba 437. Ukuta wa vipande thelathini ukawa na herufi tisini, mstari ukavuka safu 80, ramani nzima ikavurugika. Dawa ni kuiambia terminali ya Windows itumie jedwali namba 65001, yaani UTF-8, wakati mchezo unaanza, na kurudisha la mwanzo wakati wa kutoka. Lakini usiishie hapo. Weka na ukuta wa vistari vya kawaida kwa ajili ya mashine zisizokubali, na mpe mchezaji njia ya kuuchagua mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo tulikataa kiraka cha kuweka emoji ya sarafu badala ya alama ya dola. Emoji kwa kawaida inachukua safu mbili, na terminali hazikubaliani kuhusu upana wa kila moja. Aliyekileta alivunjika moyo, nami nilimwandikia barua ndefu kumweleza, kwa sababu mtu aliyejitolea usiku wake anastahili kuelezwa. Sarafu yake leo ipo, upande wa dirisha.

Dirisha nalo lina maradhi yake. Letu linatumia SDL, maktaba ya kuchora madirisha na picha, na mwanzoni lilikuwa linachora skrini nzima mara 60 kwa sekunde hata mchezaji akiwa amekwenda kunywa chai. Kwenye kompyuta mpya huoni kitu. Kwenye kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Kariakoo, ambayo betri yake imeshachoka, feni inanguruma na chaji inayeyuka. Na jiji letu tunalijua, umeme ukikatika jioni betri ndiyo yote uliyobaki nayo. Mchezo wa zamu hauhitaji kuzunguka hivyo. Tulibadilisha kitanzi kutoka SDL_PollEvent kwenda SDL_WaitEvent, yaani programu inalala mpaka kitufe kibonyezwe, tukabakiza saa ndogo ya kuiamsha pale tu kuna kitu kinachotikisika kwenye skrini. Feni ya mashine yangu ilinyamaza siku ileile.

Terminali ilishalijua jambo hili zamani. Curses iliandikwa na Ken Arnold pale Berkeley, na mchezo wa Rogue wa mwaka 1980 ulichorwa kwa hiyo, enzi ambazo waya kati ya terminali na kompyuta ulikuwa wa polepole mno. Maktaba hiyo inaweka kumbukumbu mbili, skrini ilivyo na skrini inavyotakiwa kuwa, kisha inatuma tofauti tu. Ndiyo maana yule kijana wa Mbagala anaweza kucheza usiku kucha na bando lake lisiguswe sana. Ukijikuta unasafisha skrini nzima kila hatua, unamtupia mtumiaji wako gharama ambayo watu walishaiondoa zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Kuna hitilafu moja ambayo haikuhusu skrini lakini ilijificha nyuma yake. Mwalimu mmoja aliuweka mchezo kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi za wanafunzi wake. Wanafunzi walikwenda mashariki na kusini bila shida. Wakijaribu magharibi au kaskazini, wanatupwa nje ya ramani. Nilipekua msimbo wa vitufe kwa siku mbili, na kosa halikuwa huko. Hatua ya kwenda magharibi, -1, ilikuwa imehifadhiwa ndani ya char, aina ya data ya baiti moja. Kwenye prosesa za Intel na AMD tulizozoea, char hubeba namba hasi. Kwenye Linux ya ARM, aina ya prosesa iliyo ndani ya Raspberry Pi, kwa kawaida haibebi: -1 ikawa 255. Tukaandika int8_t badala yake, ambayo hubeba namba hasi kila mahali, ikaisha. Tangu hapo siruhusu char ibebe namba, ibebe herufi tu, na kila toleo linajaribiwa kwenye ARM kabla halijatoka.

Mengine nayataja kwa haraka kwa sababu dawa zake ni fupi. Weka mapema faili la .gitattributes, la mipangilio ya Git inayotunza historia ya msimbo, mistari iishe kwa namna moja kwa wote. Andika majina ya mafaili kwa herufi ndogo tupu, maana Ramani.txt na ramani.txt ni faili moja kwenye Windows na ni mawili kwenye Linux. Usichore maji kwa buluu iliyokoza juu ya weusi, hayaonekani. Bana ramani ndani ya safu 80 na mistari 24. Na hakikisha endwin, kazi ya curses inayoirudisha terminali katika hali yake, inaitwa hata mchezo unapoanguka, la sivyo mchezaji anaachiwa terminali isiyoonyesha anachoandika, naye anadhani umemharibia mashine. Kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo yetu tumeandika kwamba likitokea hilo, aandike reset hata kama haoni herufi, kisha abonyeze Enter.

Wiki hii nahamisha uso wa dirisha kutoka SDL2 kwenda SDL3, ambayo toleo lake thabiti la kwanza lilitoka Januari 2025. Majina mengi yamebadilika. SDL_RenderCopy sasa ni SDL_RenderTexture. Hayo kikompaila, kinachogeuza msimbo kuwa programu, kinakuonyesha chenyewe. Cha kuangalia kwa macho mawili ni SDL_Init: zamani ilirudisha namba iliyo chini ya sifuri ikishindwa, sasa inarudisha kweli au si kweli. Sharti la zamani la "chini ya sifuri" bado linakompaili, ila halitatimia kamwe, na dirisha likishindwa kufunguka mchezo utaendelea kama vile limefunguka. Nimelikuta mara tatu kwenye msimbo wetu.

Mpaka jana usiku nilikuwa nimegusa faili moja tu, lile la uso wa dirisha. Folda ya mchezo wenyewe, yenye popo, nyoka na hesabu zao zote, haijabadilika hata mstari. Kijana wa Mbagala siku hizi anapitia viraka vya terminali pamoja nami, na ameshaniandikia: "Dada, ukimaliza nitumie, nataka kuhakikisha huku kwetu hakuna kilichovunjika." Namtumia Jumamosi.