Kabla ya Kulipia Seva, Jua Nani Atakayeihudumia

Ukikabidhiwa tovuti ya shule, ya duka au ya chama cha akiba na mikopo, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kutafuta seva, na mara nyingi anayekutuma naye hajui anataka seva ya namna gani. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa jijini Dar es Salaam, na kama ningepewa nafasi ya kumfundisha mgeni jambo moja tu, ningemfundisha kuuliza hivi kabla ya kuuliza bei: mashine hii ikisimama saa nane za usiku, ni nani atakayeamka?

Neno seva hutumika kwa vitu viwili. Ni kompyuta inayowaka muda wote ikisubiri maombi kutoka mtandaoni, na ni programu iliyomo ndani ya kompyuta hiyo inayoyapokea maombi hayo na kuyajibu. Kompyuta yenyewe si lazima iwe ya ajabu. Seva ya kwanza ya wavuti, ile aliyoitumia Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, katika kituo cha utafiti cha CERN, ilikuwa kompyuta ya NeXT iliyobandikwa karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu, yakionya kwamba mashine hiyo ni seva na isizimwe. Naipenda sana karatasi ile, kwa sababu inaonyesha kwamba tangu mwanzo alikuwapo mtu aliyejua kuwa uhai wa mashine hiyo uko mikononi mwake.

Tovuti ya kawaida ya WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti, hutegemea walau programu tatu. Ya kwanza hukaa mlangoni kupokea maombi, nayo ni Apache, iliyotoka mwaka 1995, au Nginx, iliyoandikwa na Igor Sysoev na kutolewa mwaka 2004. Nyuma yake kuna PHP, inayouandaa ukurasa unapoombwa, na MySQL au MariaDB, inayotunza makala, majina ya watumiaji na mipangilio. Ukiweza kuzitofautisha, ujumbe wa kosa utakuongoza badala ya kukutisha. Namba 404 ina maana kwamba seva iko hai na imekujibu, ila ukurasa ulioombwa haupo. Namba 502 kutoka kwa Nginx kwa kawaida ina maana kwamba aliye mlangoni yupo, lakini programu iliyo nyuma haimpi jibu linaloeleweka. Nimewaona wageni wengi wakikutana na 502 na kuanza kubadilisha mwonekano wa tovuti, kabla hata ya kuangalia kama PHP inafanya kazi.

Swali la nani ataamka ndilo hasa linalozitenganisha aina za seva. Katika hosti ya pamoja, yaani nafasi unayokodi kwenye seva ya kampuni, tovuti nyingi hukaa ndani ya mashine moja, na ni kampuni inayosasisha mfumo na kubadilisha diski iliyokufa, wewe ukibaki na paneli (ukurasa wa kusimamia hosti) kama cPanel ya kupakia mafaili na kufungua anwani za barua pepe. Ubaya wake anaujua kila aliyewahi kupanga nyumba yenye mita moja ya LUKU: jirani mmoja akiwasha jiko la umeme, uniti za wote hukimbia. Katika seva pepe, ambayo wengi tunaiita VPS, unagawiwa kumbukumbu na prosesa yako, unapewa nenosiri la mtumiaji mkuu, na kuanzia hapo usalama, masasisho na nakala rudufu ni juu yako. Kukodi mashine nzima kunawafaa wenye mzigo mkubwa. Kwa shule yenye kurasa kumi na matangazo ya kila muhula, hosti ya pamoja inatosha, na sioni sababu ya mtu kuionea haya.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuihamishia tovuti ya shule moja kwenye VPS kwa ajili ya kasi tu. Miezi michache baadaye, katika wiki ya matokeo, ukurasa ukaandika kwamba umeshindwa kuunganika na hifadhidata. Niliingia kwa SSH, njia ya kuiamuru seva kutoka mbali, nikaandika df -h, amri inayoonyesha diski zimejaa kiasi gani, na mstari wa diski kuu ukasoma asilimia 100. Mafaili ya kumbukumbu za matukio chini ya /var/log yalikuwa yamekua siku hadi siku bila mtu wa kuyapunguza, na MySQL ilipokosa nafasi ya kuandika ikasimama. Kuyafuta ya zamani kulichukua dakika chache. Kilichoniumiza ni kugundua kwamba nakala rudufu zote nilikuwa nimeziweka kwenye diski hiyo hiyo, hivi kwamba kama ingeharibika, kazi ya walimu ya miaka mitatu ingepotea pamoja nayo. Tangu siku hiyo nakala zangu hukaa mahali pengine kabisa, na kila mwezi huirudisha moja kwenye seva ya majaribio nione kama inafunguka.

Limebaki suala la domeni, yaani jina la tovuti, ambayo wageni huidhania kuwa kitu kimoja na hosti. Jina linaloishia na .co.tz au .ac.ke husajiliwa peke yake, na lisajiliwe kwa jina la taasisi, si la fundi. Rekodi zake za DNS ndizo zinazosema kila kitu kiko wapi: rekodi ya A huielekeza tovuti kwenye anwani ya seva, na rekodi ya MX huelekeza barua pepe, ambazo zinaweza kuwa kwenye seva nyingine kabisa. Ukibadilisha seva za majina, zile zinazotunza rekodi hizo, bila kuinakili MX, tovuti itafunguka vizuri mbele ya mkurugenzi huku barua za wateja zikikosa pa kufikia. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, fungua paneli ya zamani, nakili rekodi zote herufi kwa herufi, pamoja na zile za TXT zinazomthibitisha mtumaji wa barua, kisha uziingize kwenye paneli mpya. Hosti ya zamani usiifunge mpaka umtumie mwalimu mkuu barua ya majaribio kutoka anwani ya nje, naye akakujibu kwamba ameipata.