Punyeto, Aya na Mtungi wa Maji

Swali hili huja kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne, bila jina, mwishoni mwa darsa au semina ya vijana kanisani: ni aya gani inayokataza punyeto? Jibu la haki ni fupi. Hakuna aya ya Qur'ani wala ya Biblia inayolitaja tendo hili kwa jina lake. Zipo aya zinazosema jambo pana zaidi, na wanavyuoni wakaliingiza tendo hili humo, wengine kwa mkazo, wengine kwa kusitasita. Ukiambiwa "imeandikwa", uliza wapi, kisha soma aya ya juu yake na ya chini yake.

Kwa Waislamu msingi ni Suratul Muuminun, aya ya 5 hadi ya 7, maneno yanayorudi tena katika Al-Maarij. Waumini wanasifiwa kwa kuhifadhi tupu zao ila kwa wake zao au waliomilikiwa na mikono yao ya kuume (yaani vijakazi), na anayetafuta kinyume cha hayo ndiye aliyeruka mipaka. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi hapa Mombasa na mwambao mzima, aliyachukua hayo maneno "kinyume cha hayo" kwa upana wake wote: hata mkono wako mwenyewe umeingia. Akasema haramu. Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1064, hakukubali. Alisema mtu kuigusa tupu yake kwa mkono wa kushoto ni halali kwa makubaliano ya wote, na kilichozidi hapo ni kukusudia manii yatoke, jambo ambalo hakuliona katika orodha ya yaliyoharamishwa. Akaliweka kwenye makuruhu, yaani yasiyopendeza ila si haramu. Mahanafi na Mahanbali, wafuasi wa madhehebu mengine mawili ya sheria, nao wameacha mlango mdogo kwa anayeogopa kweli kweli kuangukia zina. Mlango huo ni wa hofu ya zina, si wa uchovu wa Jumamosi usiku, na wanaoutaja sana mitaani huisahau sehemu hiyo. Na Mashafii hao hao wanasema mume akistareheshwa kwa mkono wa mkewe hakuna tatizo, kwa sababu mke yumo ndani ya kile aya ilichokiruhusu.

Hadithi ya kushikwa ni ile ya swahaba Ibn Masud katika vitabu vya Bukhari na Muslim: kijana mwenye uwezo aoe, asiyeweza afunge. Wanaoharamisha huongeza hoja nzuri hapa, kwamba mkono ni mwepesi kuliko saumu, na lau ungekuwa ruhusa ungetajwa. Ile ya "aliyeuoa mkono wake amelaaniwa" haina asili, na ile ya mikono kufufuliwa ikiwa na mimba ni dhaifu. Mwalimu wa madrasa anayewatisha watoto kwa hizo mbili anaidhoofisha hoja yake mwenyewe, maana siku mtoto atakapojua, atatilia shaka na zilizo sahihi.

Upande wa Biblia, jina linalotajwa kwanza ni Onani, Mwanzo 38. Isome polepole. Eri, mume wa Tamari, amekufa bila mtoto, na Yuda baba yao anamwamuru Onani amwingilie Tamari ili ampe nduguye uzao. Onani anaingia, kisha anamwaga chini. Sababu imeandikwa pale pale: alijua uzao hautakuwa wake. Hilo ni tendo la watu wawili, na kosa lake lina mjane aliyedhulumiwa ndani yake. Hata hivyo kwa karne nyingi kisa hiki kilihubiriwa dhidi ya punyeto, na lugha kadhaa za Ulaya zikalipa tendo hilo jina la Onani. Mathayo 5 ina uzito zaidi. Aya ya 28 inamhesabia uzinzi wa moyoni anayemtazama mwanamke kwa kumtamani, na aya ya 30 inataja mkono wa kuume. Wako wahubiri wanaoufunga mkono huo na punyeto moja kwa moja. Marko 9:43 inautaja mkono bila tamaa ya mwili kuguswa kabisa, kwa hivyo tafsiri hiyo inawezekana lakini hailazimu. Walawi 15:16 ndiyo husahauliwa: aliyetokwa na shahawa aoge mwili wote na awe najisi hadi jioni. Haiulizi zilitokaje, wala haidai sadaka.

Katoliki wana msimamo ulioandikwa. Katekisimu, kifungu cha 2352, inaliita tendo lenye kasoro nzito, lakini hapo hapo inataka mazoea, wasiwasi na utoto wa hisia vipimwe kabla ya kumhukumu mtu. Wapentekoste wengi hukemea pepo. Waanglikana mara nyingi humwachia mtu dhamiri yake.

Sasa, kwa Mwislamu, la kesho asubuhi, ambalo ndilo linaloharibu watu zaidi. Uharamu una khilafu, yaani wanavyuoni wametofautiana, lakini josho, yaani kuoga mwili mzima kwa lazima, halina. Manii (shahawa) yakitoka, janaba imekupata, yaani huwezi kuswali mpaka uoge, na kuacha Alfajiri kwa sababu unajiona mchafu ni kosa kubwa kuliko lile unalolililia. Manii huyajua kwa alama moja kati ya tatu: kuruka kwa mikupuo, kusikia raha yanapotoka, au harufu, ya unga uliokandwa yakiwa mabichi na ya ute wa yai yakikauka. Madhii ni majimaji mepesi yanayonata, hutoka kwa matamanio bila kurukaruka. Hayo osha tupu na nguo, tia udhu, basi.

Kisingizio cha mfereji mkavu hakisimami. Mtume alikuwa akioga kwa pishi ya Kiarabu, saa', kwa kipimo cha leo kama lita 2 na nusu hadi 3. Mtungi wa lita 20 wa mwenye mkokoteni unatosha watu watano na kubaki. Kojoa kwanza, maana kwa Shafii manii yaliyosalia yakitoka baada ya kuoga, unarudia. Osha mikono, osha tupu, tia udhu, kisha kopo tatu kichwani huku vidole vikifikisha maji kwenye mashina ya nywele, halafu upande wa kulia na wa kushoto. Nia iwepo maji yanapogusa sehemu ya kwanza. Panaposahaulika ni nyuma ya masikio, kitovuni, kwapani na baina ya vidole vya miguu. Kwa wanawake, nywele zilizosukwa zikizuia maji zifumuliwe, na rangi ya kucha itolewe, hina haizuii.

Ramadhani mchana, aliyejitoa manii kwa mkono saumu yake imebatilika. Ajizuie kula hadi magharibi, na alipe siku moja kabla ya Ramadhani ijayo. Zile siku 60 za kufunga mfululizo ni za jimai (tendo la ndoa), haziingii hapa. Ndoto ya kutokwa na manii haifunguzi saumu, wala kupambazukiwa na janaba.

Na saumu ya kujikinga inayofuturiwa kwa viazi karai, mbaazi, mahamri na biriani, kisha simu mkononi mpaka saa nane za usiku, haitamkinga mtu. Simu ichajiwe sebuleni. Kuoa nako, tunakosema kama tunaagiza chai, kuna mahari na ukumbi. Wazazi wanaotaja 1 Wakorintho 7:9, "ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa", wapunguze na orodha ya vitu. Na ndoa peke yake haifuti mazoea ya miaka kumi.

Mkatoliki anayeogopa kitubio ajue padre anahitaji namna ya dhambi na idadi yake kwa kadiri unavyokumbuka. "Nimepiga punyeto, kama mara nne tangu kitubio cha mwisho." Picha ulizotazama zitaje kwa neno moja. Maelezo zaidi ya hapo hayatakiwi.