Maswali ya Dizeli: Kung'oa Si Kutengeneza

Wale walioandika "pikapu yangu haivuti, shida ni nini?" bila neno lingine, nimewaruka tena. Nataka mambo matatu: injini gani, moshi rangi gani, na tatizo linakuja injini ikiwa baridi au ikiwa moto. Jina la injini liko kwenye logibuku, namba ya injini huanza nalo: 5L, 2KD, 4JA1, YD25. Bila hayo mtakuwa mnatafuta mganga, na mimi sina kibuyu.

Nina Hilux ya 5L na naishi Limuru. Asubuhi nazungusha stata mpaka betri inalia, halafu linawaka na moshi mweupe tele unaonuka dizeli. Likishapata moto halina neno. Fundi anasema pampu imeisha, anataka kuishusha.

Mwambie aiache pampu palepale. Pampu ya zamani iliyolika husumbua zaidi injini ikiwa moto, kwa sababu dizeli iliyopata joto huwa nyepesi na hupenya pale chuma kilipolika. Lako linasumbua kukiwa na baridi tu. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli ni dizeli iliyoingia ikakosa joto la kuungua, na 5L haiwezi kuamka vizuri asubuhi ya Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, bila plagi za hita.

Pima hivi. Zima swichi, ondoa ule ukanda wa chuma unaounganisha plagi zote nne. Chukua taa ya kupimia, bana klipu yake kwenye chanya ya betri, kisha gusa kichwa cha plagi moja baada ya nyingine. Inayowasha taa iko hai. Isiyowasha imekufa. Mara nyingi utakuta mbili zimekufa siku nyingi na ya tatu ndiyo imekufa juzi, ndipo wewe ukaanza kuona shida. Rudisha ukanda, fungua swichi bila kupiga stata, upime kama umeme unafika hapo. Usipofika, tafuta fyuzi na rilei. Ukifika na plagi zote ziko hai, hapo ndipo tutazungumza habari za kompresheni, na hata hapo pampu bado iko nyuma kwenye foleni.

Ukienda Kirinyaga Road kununua, soma volti zilizochapwa kwenye plagi yako ya zamani, usitaje mfano wa gari pekee. Kuna za volti 6 na kuna za 11 au 12, na zinafanana kwa umbo. Ya volti 6 ikipewa umeme wote wa betri, ncha huvimba, na ncha iliyovimba haitoki kwenye tundu lake. Hukatika, kipande kikabaki ndani ya hedi (kichwa cha injini), na sasa una kazi ya kufungua hedi kwa ajili ya plagi.

Na yule jirani mwenye kopo la dawa ya kuwashia injini, ile ya kupulizia kwenye mdomo wa hewa, mshukuru na umrudishe kwake. Ile dawa ikikutana na plagi iliyowaka nyekundu hulipuka kabla ya wakati wake. Huvunja pete za pistoni, na hata pistoni yenyewe.

Kijana wa petroli stesheni ameniwekea lita 20 za petroli kwenye D-Max. Nimeendesha kidogo halafu nikasimama. Naweza kujazia dizeli juu yake nikaendelea?

Hapana. Usiwashe tena, wala usifungue swichi. Ivute hadi gereji, tangi limwagwe, mipira isafishwe, filta ibadilishwe.

D-Max ya 2.5, injini 4JA1. Nikirudi kutoka Magadi, mlima ukianza mshale wa joto unapanda. Fundi ametoa thamostati kabisa "kwa sababu Kenya ni joto". Bado inapanda.

Swali hili huja kila mwezi, na kila mwezi jibu ni lile lile. Kuna mafundi jijini ambao ufundi wao wote ni kung'oa. Thamostati inang'olewa, kitenganisha maji kwenye filta ya dizeli kinang'olewa, kasha la filta ya hewa linang'olewa, feni inapigwa weldi isiteleze. Gari linarudi likiwa na vitu vichache kuliko lilivyokuja, na mwenyewe analipa.

Thamostati ipo ili injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo. Bila hiyo utakuwa unaendesha dizeli baridi kutoka Kasarani hadi Industrial Area kila asubuhi: inakunywa zaidi, inalika silinda, na oili inakusanya uchafu. Tena kwenye injini nyingi, thamostati ikifunguka ndiyo hiyo hiyo inayoziba ile njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana wengine hutoa thamostati ili gari lipoe na joto likazidi.

Nunua mpya, na uijaribu kabla ya kuifunga. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ukiwa umeining'iniza kwa uzi, isiguse chini. Iliyochapwa 82 itaanza kufunguka karibu na joto hilo. Lakini usiitupe kwa kuwa haikufunguka mpaka mwisho: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu tuko juu, na nyingi hufunguka zote kwenye 95 au zaidi. Jiko lako halifiki huko.

Hiyo hiyo 94 ndiyo sababu mfuniko wa rejeta si kitu cha kuokota kwenye mitumba ya Gikomba. Mfuniko hushika presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Raba yake ikichoka, gari linachemka mlimani hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ni spea ya bei rahisi kuliko zote kwenye mfumo mzima, na ndiyo ya mwisho kutazamwa.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kwa gari linalochemka mlimani na kupoa kwenye tambarare, mimi huanza na feni. Injini ikiwa moto sana, izime, na ikishatulia kabisa sukuma feni kwa mkono. Inapaswa kukupa ukinzani. Ikizunguka raundi mbili tatu kama tiara, ule ute wa ndani ya klachi ya feni umevuja na feni haivuti hewa unapopanda polepole. Kisha tazama kati ya kondensa ya AC na rejeta. Ukitoka Magadi utakuta vumbi na mbegu za nyasi zimejipanga humo kama blanketi, na maji ya kuosha gari kwa mbele hayazitoi. Legeza rejeta, osha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya presha ndogo.

Ukimaliza hayo na bado inapanda, asubuhi injini ikiwa baridi washa, subiri dakika chache, ubinye mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa umekakamaa kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hiyo ni gasketi ya hedi, na kila safari ya Magadi unayoongeza inaongeza bili. Na acha maji ya kisima. Yana chumvi, yanaacha gamba ndani. Tumia kulanti iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye mtungi, rangi yoyote ambayo kitabu cha gari kinaikubali.

Oili gani ni nzuri kwa dizeli?

Iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kwa 5L au 4JA1, 15W-40 ya daraja la CI-4 kila kilomita 5,000 inatosha, na hela inayobaki nunua filta ya kweli. Gari lenye DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi, lina oili yake ya majivu machache, usilichanganye na hizi. Na kwa wale sita walioniuliza kwa nini oili imekuwa nyeusi siku ya pili: ni dizeli. Hiyo ni kazi yake.

Hilux 2KD, moshi mweusi, haivuti ikipanda Waiyaki Way. Nimeambiwa ninunue injekta nne mpya. Ni sawa?

Nani amezipima? Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kwanza kabisa tafuta hewa ilikopotelea. Toa filta ya hewa uitazame kwenye jua. Fuata mpira unaotoka turbo hadi manifoldi, uupapase upande wa chini usioonekana: ukikuta umelowa oili na vumbi limeganda mahali pamoja, hapo ndipo presha inapovujia. Kisha fungua njia ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, uone masizi yalivyobana mdomo. Nimeona manifoldi ambayo kidole hakipiti.

Hayo yakiwa safi, ndipo ulete mashine ya kusoma kompyuta. Si ya kutazama kodi za hitilafu tu. Injini ikiwa moto na inaunguruma bila kukanyaga gesi, soma kiasi ambacho kompyuta inasahihisha kila injekta. Inayozidi 3 juu au chini ya sufuri ndiyo ya kutiliwa shaka, nayo ishushwe ipelekwe kwenye benchi. Injekta nne hazifi siku moja. Na ukinunua, zile zenye namba ndefu iliyochapwa kichwani lazima namba hiyo iingizwe kwenye kompyuta. Fundi akikuambia haina haja, mlipe nauli umwache aende.

Hukuuliza, lakini wenye 2KD na 1KD nawaambia wote. Chini ya kila injekta kuna washa ya shaba, pete bapa ya kuziba. Ikivuja, moto wa silinda hupanda kwa pembeni, masizi huingia kwenye oili, na oili huwa lami. Lami hiyo huziba chujio la ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini), presha ya oili inashuka, na injini inakufa ghafla mwenyewe akiwa barabarani anasikiliza redio. Dalili: mvuke mwingi unaopuliza kwa nguvu ukifungua mfuniko wa oili, lami nyeusi kuzunguka injekta ukifunua kava, na taa ya oili kuchelewa kuzimika ukiwasha. Ukiiona ya tatu, zima injini. Sampu ishushwe, chujio lisafishwe, washa zote nne ziwekwe mpya. Washa iliyokwisha kubanwa hairudishwi, hata ikipigwa msasa ikang'aa.

Ni kweli mafuta ya taa kidogo husafisha nozo za injekta?

Si kweli. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine, na mafuta ya taa ni makavu. Wenye magari ya D-4D hasa, dizeli za kompyuta za Toyota kama 2KD: pampu yenu inasukuma zaidi ya baa 1,000, hapo ukavu hauna msamaha. Uchakachuaji wa mafuta ya taa ulikuwa biashara kubwa hadi 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kuua faida yake. Wewe unataka kujichakachua mwenyewe kwa bei ghali.

Nunua dizeli kwenye stesheni yenye wateja wengi. Ukikuta lori linamwaga kwenye matangi ya chini, endelea na safari, maana uchafu wa chini umekorogwa. Hata usiku wa tarehe 14, bei ya EPRA, mamlaka ya nishati, ikiwa inapanda kesho yake. Na mwaga maji kwenye kitenganishi kila mwezi, kama fundi hajakung'olea.

Nitajuaje belti ya taiming imechoka?

Hutajua. Inakatika. 5L, 2KD na 1KD zina belti. 4JA1 ina gia. 2GD na YD25 zina cheni, na ya YD25 hulegea. Kwa gari la mtumba usiamini kilomita za dashibodi wala ile taa ya T-BELT, mtu anaweza kuwa ameirudisha bila kubadilisha chochote. Badilisha ukilinunua, pamoja na tenshena, ndipo uanze kuhesabu.

Pikapu yangu imetoka Uingereza, ina DPF, taa inawaka kila wiki. Naishi Kilimani, kazini Upper Hill. Niing'oe?

Umesoma kichwa cha safu hii? DPF hujichoma masizi ikipata joto la kutosha kwa muda, na kutoka Kilimani hadi Upper Hill hata oili haijapata moto. Taa ikiwaka, shika Mombasa Road hadi Konza bila kusimamasimama, gia moja chini ya uliyozoea. Ikiendelea kuwaka baada ya hapo, sensa zipimwe. Lakini mtu wa safari zako hakuhitaji dizeli. Ulihitaji gari dogo la petroli, na rafiki wa kukuambia hivyo kabla hujalipa ushuru.

Nimebadilisha filta ya dizeli mwenyewe, sasa gari linawaka sekunde chache na kuzima.

Hongera kwa kujaribu. Ni hewa. Legeza skrubu ya kutolea hewa, pampu kwa mkono juu ya filta hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza, endelea kupampu mpaka kitufe kiwe kigumu. Kisipokuwa kigumu, fungua filta utazame juu pale inapokalia: mara nyingi raba ya filta ya zamani imebaki imegandia hapo, na mpya imekazwa juu yake.