Airisi zenye ndevu hapa Dar: yaliyonikuta

Kila mgeni anayeingia bustanini kwangu Mbezi huniuliza kuhusu maua ya airisi ndefu zenye ndevu, yaani vinyweleo kwenye petali za chini, hasa zile zinazorudia kuchanua mwaka huohuo. Je, hapa Dar zinakubali? Nimezipanda mara mbili, na kwa moyo mmoja nakwambia: usitupe hela yako.

Mara ya kwanza niliyafukia matunguu yake kama mtu anayepanda tangawizi, nikamwaga samadi tele. Ilikuwa Machi. Masika yalipokolea, asubuhi moja nikavuta jani lililoanza kuwa njano, likachomoka lote mkononi. Kule chini tunguu lilikuwa limegeuka uji, linanuka kama yai viza. Ni bakteria. Huingilia kwenye kidonda na kustawi penye joto na maji, na samadi nyingi hulainisha mmea ukawa rahisi kushambuliwa. Airisi hii hutaka mgongo wa tunguu uonekane juu ya udongo, upigwe na jua.

Mara ya pili nikainua tuta, nikachanganya mchanga na kokoto, nikapanda Juni mvua zikiwa zimekata. Hayakuoza. Majani yalisimama kama mapanga miaka miwili mizima, lakini ua sikuliona. Niliumia sana, maana kosa halikuwa la mikono yangu. Airisi hizi zimezoea baridi kali kabla ya kutoa maua, na usiku wetu wa Julai kwa kawaida hushuka hadi karibu nyuzi 18 tu. Hata Immortality, ile aina nyeupe ya mzalishaji wa airisi Lloyd Zurbrigg ya mwaka 1982 inayosifiwa kwa kurudia kuchanua, sifa yake imetoka kwenye nchi za baridi. Mwenye shamba Lushoto au Njombe ndiye ana sababu ya kujaribu.

Sasa nina neomarika, ndugu wa airisi wa ukoo mmoja, asili yake Brazili. Jirani alinipa mche mmoja kwenye kopo, nikauweka chini ya mwembe, penye kivuli chepesi. Joto letu halimsumbui. Ua hufunguka asubuhi: petali tatu nyeupe zimetandaza mikono, katikati tatu ndogo za buluu zimejikunja, na chini kuna michirizi ya kahawia kama ngozi ya chui. Jioni limeshasinyaa. Usisikitike, na tafadhali usikate bua, kwa sababu bua hilohilo litatoa ua jingine baada ya siku kadhaa.

Ukiliacha, ncha yake huota kichipukizi, ikalemewa na kuinama hadi chini. Mimi hukibana kichipukizi ardhini kwa kipande cha waya kilichopindwa, nakimwagilia, na kikishashika mizizi ndipo nakitenga na mama yake. Kwa mche ule mmoja wa kopo, leo nina safu nzima kuanzia kwenye mwembe hadi ukutani, na majirani watatu wameshachukua miche yao.