Shangazi, kengele ya baiskeli inaniinua

*Shangazi, shikamoo. Naishi Ngamiani, Tanga, nina watoto wawili. Mume wangu aliniacha mwezi wa Mfungo Tatu baada ya miaka 11, na eda nimemaliza. Mchana sijambo, nauza vitumbua. Shida ni magharibi. Kengele ya baiskeli ikilia uchochoroni nainuka kumfungulia mlango, halafu nakumbuka. Wali napika wa watu wanne. Dada zangu wanasema, "Achana naye, kwani mwanamume ni yeye tu?" Mtoto akitoka kwa baba yake Makorora namuuliza nani kapika. Je, bado nampenda? Nimwombe turudiane?*
*Mama wa Ngamiani*

Marahaba, mwanangu. Nilipofika kwenye hiyo kengele niliiweka barua chini kwanza. Mji wetu huu wa baiskeli, kengele utazisikia mpaka basi.

Kuinuka kwako si lazima kuwe mapenzi. Miaka 11 kengele hiyo ilimaanisha mlango ufunguliwe, na miguu imezoea. Mimi nilipoachwa, saa yangu ilikuwa alfajiri. Yeye alikuwa mchuuzi wa samaki, nikiamka gizani kumchemshia chai ya mchaichai. Alipoondoka niliendelea kuamka, nikainjika sufuria, nikakaa naitazama mpaka maji yanakauka. Nilijaribu kujilazimisha kulala, nikashindwa. Basi yale maji nikayafanya uji, nikawa nampelekea mama yangu barabara ya tatu kutoka kwangu, chupa imefunikwa kwa kanga. Ilipita miezi. Siku moja nimefika mlangoni kwa mama, ananipokea chupa, ndipo nikagundua njia nzima sikumuwaza yule mtu.

Kwa hiyo magharibi usiikimbie, ipe kazi. Ukishaswali, toka barazani, loweka mchele wa vitumbua vya kesho, jirani akiwa kando yako. Na kopo moja la wali lipunguze kwa mkono wako, hata kama utalia.

Dada zako wanakupenda, ila wana haraka. Mtu akifiwa hapa kwetu tunatandika majamvi, tunakaa naye. Aliyeachwa tunamwambia ajikaze. Mchague mmoja umwambie: njoo ukae na mimi, ushauri tuuache.

Kuhusu kurudiana, usiamue magharibi. Eda imekwisha, hivyo hata kama ilikuwa talaka moja au mbili, kurudiana sasa ni kufunga ndoa upya na mahari mapya. Hakuna cha kuharakia. Jiulize asubuhi, ukiwa na chuma cha vitumbua mbele yako. Nawe barua nzima hukunitajia kilichowaachanisha, hata kwa neno moja. Kikumbuke hicho kwanza.

La mtoto nakukanya, na nakukanya kwa uchungu. Usimuulize nani kapika. Mtoto anajua jibu lipi litakuliza, ataanza kukudanganya ili akulinde. Akirudi mwogeshe, mpe chakula, muulize habari za shule.

Kisha kuna riziki, maana usingizi mwingine unaibwa na kodi ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma pamoja. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Miaka 11 ya kupika, kufua na kulea inahesabika, mwanangu. Nenda Mahakama ya Mwanzo ukaulize, tena uende na karatasi zako.

Ukiona wiki zinapita hulali, huli, au yakikujia mawazo ya kufa, usingoje barua yangu. Mwamshe dada yako hata usiku, akupeleke hospitali ya Bombo, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi.

Mwezi wa Rajabu ukiandama, niandikie tena. Nataka kujua unapima makopo mangapi.