Mchana tunaifunga nafsi, usiku tunailipa fidia

Msomaji mmoja ameniandikia baada ya Idi: “Ustadhi, nimefunga mwezi mzima, tarawehe sikuacha, juzuu zangu nimemaliza. Mbona nimenenepa, na tamaa zangu zimerudi na nguvu kuliko zile za Shaabani, kabla ya Ramadhani?”

Amethubutu kuuliza jambo ambalo wengi wanalionea haya, nami nitamjibu hadharani. Ndugu yangu, umefunga mdomo mchana, usiku ukaifungulia nafsi milango yote. Kuna watu wanadhani njaa yenyewe ndiyo dawa. Njaa isiyo na kipimo baada yake ni kichocheo tu.

Mwanachuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus huko Khurasani mwaka 1058 na kufia huko huko mwaka 1111, alilieleza hili wazi. Kitabu chake kikuu, Ihya Ulum al-Din, kina vitabu 40 ndani yake; cha 6 kinahusu funga, na cha 23 chote kinahusu kuvunja tamaa mbili, ya tumbo na ya tupu. Katika kile cha funga anasema kwa maana kwamba tumbo likizuiwa tangu alfajiri mpaka magharibi, hamu ikapanda, kisha likashindiliwa vitamu, ladha yake huzidi na nguvu ya tamaa hurudi maradufu. Zinaamka hata tamaa ambazo zingelala laiti mtu angebaki na mlo wake wa kila siku. Tena anawalalamikia watu wa zama zake waliokuwa wakiweka akiba vyakula vya kila namna ili wavile Ramadhani, wakala mwezi huo vitu wasivyovila miezi kadhaa mingine. Miaka zaidi ya 900 imepita na sinia ni lile lile. Sisi tunaanza na vunja jungu mwisho wa Shaabani, kana kwamba kuna vita inakuja, kisha kila magharibi ni uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, sambusa, kaimati zinazochuruzika shira, juisi ya ukwaju, vyote katika kikao kimoja. Saa nne usiku, tarawehe imeisha, mishikaki.

Kabla ya vipimo, tuelewane kuhusu huyu anayepimwa. Qur'ani inaitaja nafsi kwa sifa tatu: yenye kuamrisha sana maovu (Yusuf, aya ya 53), yenye kujilaumu (Al-Qiyama, aya ya 2) na iliyotua (Al-Fajr, aya ya 27). Wapo wanaozisoma kama nafsi tatu zinazogombana kifuani. Walio wengi katika wanavyuoni wanasema ni nafsi moja yenye hali tatu, na mtu mmoja anaweza kupita hali zote hizo kati ya adhuhuri na isha. Tofauti hii ina uzito. Ukiamini kuna kiumbe kingine ndani yako kinachoitwa nafsi, utapata wa kumsingizia: “Si mimi, ni nafsi.” Ni wewe. Aliyechukua kaimati ya tisa ni wewe, na anayejuta saa sita usiku huku amejishika tumbo ni wewe huyo huyo.

Ghazali anaufananisha mwili na mji. Moyo ni mfalme, akili ni waziri, ghadhabu ni mkuu wa askari, na tamaa ni mtumwa mbaya anayeleta chakula mjini. Mtumwa huyu ni mwongo, anajifanya mnasihi, na kila siku anabishana na waziri. Ila tazama kazi aliyopewa: bila yeye mji unakufa njaa. Kwa hiyo hauawi. Anatakiwa awe chini ya waziri, na askari wamsimamie. Watu wengi wanaoanza “kupambana na nafsi” wanataka kumuua mtumwa. Wanakata wali, wanakata sukari, wanakata chai, wanakata usingizi, vyote Jumatatu moja, na ikifika Alhamisi mtumwa amekalia kiti cha mfalme.

Imo katika hadithi za Bukhari habari ya Salman al-Farisi, sahaba wa Mtume, alipomtembelea sahaba mwenzake Abu Dardaa, akamkuta anafunga kila siku, anasimama usiku kucha katika sala, na amemsahau mkewe. Salman akamfanya afungue na kumlaza usingizi, akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahli zako wana haki juu yako, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema Salman kasema kweli. Anayetaka kujitesa kwa jina la kujitawala aisome habari hii kwanza.

Sasa kipimo. Njia ya Ghazali ya kupunguza chakula ni ya hesabu, na naipenda kuliko mipango mingi inayouzwa leo. Anasema aliyezoea mikate miwili na anataka abaki na mmoja, asiruke. Kila siku apunguze sehemu moja ya 28 ya mkate, au moja ya 30, na baada ya mwezi atakuwa amefika bila kudhurika. Nafsi haioni kilichopungua. Jikoni kwetu si rahisi kugawa kitu mara 28, basi tumia robo. Anayekula chapati tatu azikate kila moja vipande vinne, apate vipande 12. Wiki ya kwanza ale 11, ya pili 10, ya tatu 9, ya nne 8. Kafika chapati mbili kwa mwezi, na hakuna usiku hata mmoja aliolala akiwaza chapati. Sukari ya chai ni hivyo hivyo: vijiko vitatu, toa nusu kijiko kila wiki, na mwisho wa mwezi kimebaki kimoja. Wali upime kabla haujapikwa, kwa kikombe kile kile kila siku. Ukikadiria kwa jicho ulipokwisha iva, jicho lenye njaa linadanganya. Ugali kadhalika, pima unga.

Makosa yanayoharibu hesabu hii ni mawili makubwa. La kwanza ni kupunguza kiasi na aina kwa pamoja. Ukiwa unapunguza wali, usiguse mchuzi wala mboga mwezi huo. Nafsi inastahimili kukosa kitu kimoja, ikikosa viwili inaanza kutafuta. La pili ni kupunguza mlo wa mezani na kuuacha ule wa kusimama: karanga za kwenye gari, andazi la ofisini, kuonja chungu mara sita wakati wa kupika, ukoko, mabaki ya sahani ya mtoto. Yote ni chakula. Andika wiki moja kila kinachopita mdomoni nje ya sahani, kwenye karatasi na si kichwani, utajua kwa nini mizani haisogei.

Kwa futari, mpangilio uwe huu. Adhana ikiingia, tende tatu na glasi ya maji, hapo hapo, maana kuharakisha kufuturu ni sunna na kukawia hakukuongezei ucha Mungu. Simama usali magharibi. Sala na nyiradi zake zinachukua muda, na muda huo ndio unaoutaka, kwa kuwa habari ya shibe hukawia kama dakika 20 kutoka tumboni kufika kichwani. Ukirudi, kikombe kimoja cha uji, kisha sahani moja unayojipakulia mwenyewe mara moja. Usile kwenye sinia la pamoja wiki za kwanza za mazoezi. Baraka ya sinia naijua, lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Vya kukaanga chagua kimoja kwa usiku. Leo sambusa, kesho kaimati. Maji yagawe: glasi mbili wakati wa futari, mbili kabla ya kulala, mbili daku, na zaidi kwa anayefanya kazi juani. Daku usiiache, na icheleweshe mpaka karibu na alfajiri. Anayeiacha anafika magharibi akiwa na njaa ya saa 20, na njaa hiyo haifuati hesabu ya mtu.

Kichwa kinachouma siku tatu za mwanzo mara nyingi kinatokana na kahawa na chai iliyokatwa ghafla. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili, kuanzia wiki moja au mbili kabla ya kufunga. Na wenye kisukari, vidonda vya tumbo, mimba, au waliowahi kuugua kwa kujinyima chakula, wazungumze na daktari kabla ya lolote nililoandika hapa. Sheria yenyewe imewapa ruhusa. Anayeikataa ruhusa ya Mola wake ili ajione shujaa ana maradhi mengine ambayo funga haitibu.

Kipimo cha jumla kimo katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi: mwanadamu hakujaza chombo kibaya kuliko tumbo, vinamtosha vijitonge vya kumsimamisha mgongo, na ikiwa hana budi, basi theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Watu wanaikariri kwenye mimbari kisha wanateremka kwenye biriani. Ifanyie kazi namna hii: baada ya kula, inama kama unayerukuu. Ukiona pumzi inabana, theluthi ya tatu umeila.

Ramadhani ikiisha, hatari iko wiki mbili za mwanzo. Funga sita za sunna za Shawwal, mwezi unaofuata, zimewekwa mahali pake hasa. Si lazima zifuatane; anayejifunza kipimo namshauri azigawe, Jumatatu na Alhamisi kwa wiki tatu, ili mazoezi ya kufuturu kwa adabu yaenee wiki tatu badala ya moja. Baadaye abaki na Jumatatu na Alhamisi, au siku nyeupe tatu, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo. Kikomo cha juu ni funga ya Daudi, siku moja kufunga na moja kula. Kuunganisha siku na siku bila kufuturu kumekatazwa. Na vijana wasio na uwezo wa kuoa, waliousiwa wafunge: mjue funga hiyo haifanyi kazi ikiwa simu iko mkononi mpaka saa nane za usiku. Tumbo limefungwa, jicho linafuturu mchana kutwa.

Kusimamia yote haya, Ghazali ametaja hatua sita: kuishartiza nafsi asubuhi, kuichunga mchana, kuihesabu jioni, kuiadhibu ikivunja sharti, kuitia bidii, na kuilaumu. Wengi wetu tumechukua ya sita tukaacha tano. Tunajilaumu tu. Mwenyezi Mungu ameiapia nafsi yenye kujilaumu, lakini lawama isiyotanguliwa na sharti ni kelele. Sharti liwe moja, la siku moja, linalohesabika: “Leo sahani moja, sitaongeza.” Sio “leo nitakuwa na kiasi.” Jioni jiulize swali lenye jibu la ndiyo au hapana, kama mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi kule Pate alivyousimamisha moyo wake na kuuhoji, na moyo haukupata pa kujificha.

Adhabu ndipo watu wanapokosea zaidi. Usiiadhibu nafsi kwa njaa. Aliyekula sana leo akijinyima kesho, keshokutwa atakula zaidi, na hilo ndilo gurudumu alilotaka kulikimbia. Adhabu iwe ya mali au ya wakati: sadaka yenye thamani ya kile ulichozidisha, itoke siku hiyo hiyo, au rakaa mbili kabla ya kulala. Kaimati za shilingi elfu mbili, elfu mbili kwa mhitaji, kisha asubuhi sharti lile lile bila kuliongeza. Anayeliongeza sharti kwa hasira halitimizi.

Kuna ugonjwa wa mwisho, nao Ghazali kaufungulia mlango wake peke yake: mtu akiacha tamaa ya chakula akaangukia tamaa ya kujulikana kwamba ameacha. Hii ni mbaya kuliko ulafi. Anayekula hadharani kidogo na kwa siri sana, na anayeweka picha ya mizani kwenye status na maneno “Alhamdulillahi, kilo saba”, wote wawili wamembadilishia mtumwa nguo tu. Nasema haya nikijua wapo watakaonuna. Ukifunga sunna, asijue mtu asiyelazimika kujua.

Msomaji wangu aliuliza pia afanyeje akiwa na funga ya sunna na jamaa wakamwandalia chakula. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, aliyefunga sunna anaruhusiwa kufungua, wala halazimiki kulipa siku hiyo. Mwenyeji akiwa ataumia, kufungua ni bora. Basi kaa, nawa, kula tonge zako kwa kipimo kile kile, msifu mpishi, na Alhamisi ipo.