Je, mbunge wa India anaruhusiwa kuendelea na uwakili?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Nasoma habari za marehemu Arun Jaitley, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa India. Chama chake kiliposhindwa uchaguzi wa 2004 alirudi mahakamani huku akiwa mbunge, lakini mwaka 2009 akaacha kupokea kesi ilhali hakuwa waziri. Sheria ilimlazimisha?

Jibu: Ubunge peke yake haukumlazimisha. Kanuni ya 49 ya Baraza la Mawakili la India inamkataza wakili kuajiriwa muda wote kwa mshahara, na akiajiriwa hivyo lazima aache kazi ya uwakili. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa: mbunge analipwa kutoka hazina ya umma, kwa hiyo si ni mwajiriwa? Mahakama ya Juu ya India ilijibu Septemba 2018, katika kesi iliyofunguliwa na Ashwini Kumar Upadhyay, ambaye naye ni wakili na mwanasiasa. Majaji walisema malipo ya mbunge hayaleti uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, kwa kuwa hakuna bosi anayemwajiri wala anayeweza kumfukuza kazi. Kanuni ya 49 haimgusi. Ndiyo maana wakili na mwanasiasa Kapil Sibal ameweza kukaa Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge, na bado akasimama mbele ya majaji.

Uwaziri ni jambo jingine. Waziri ni sehemu ya serikali yenyewe, na serikali ndiyo mdaawa (mwenye kesi) mkubwa kuliko wote katika mahakama za India. Jaitley aliyajua hayo kutoka pande zote. Alianza uwakili 1977, mwaka uleule alipotoka kizuizini, baada ya kufungwa miezi 19 bila kesi wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi. Mwaka 1989 serikali ya V. P. Singh ilimteua kuwa miongoni mwa wasaidizi wa Wakili Mkuu wa Serikali. Baadaye akawa Waziri wa Sheria.

Juni 2009 aliteuliwa Kiongozi wa Upinzani katika Rajya Sabha. Sheria ya 1977 inampa mwenye cheo hicho mshahara na marupurupu maalumu, na heshima yake ni ya waziri wa baraza la mawaziri. Kwa kazi hiyo akaweka joho kando. Mimi naona alifanya vyema kabisa, na ushahidi wangu ni Agosti 2011. Rajya Sabha ilijadili hoja ya kumwondoa Jaji Soumitra Sen wa Mahakama Kuu ya Calcutta, na Jaitley akaichambua kwa kina hasa cha mwanasheria. Hoja ikapita kwa kura 189 dhidi ya 17, na jaji akajiuzulu kabla Lok Sabha, baraza la chini, haijapiga kura. Hebu fikiri kama msemaji yule angekuwa bado anawatetea wateja mbele ya majaji wenzake Sen. Hata angekuwa mwadilifu kiasi gani, mteja wa upande wa pili angelala na wasiwasi.

Alipokuwa Waziri wa Fedha alirudi mahakamani, safari hii kama mlalamikaji. Alimshtaki Arvind Kejriwal, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Delhi, kwa kumkashifu, akahojiwa kizimbani na Ram Jethmalani, wakili mkongwe aliyewahi pia kuwa Waziri wa Sheria. Kejriwal aliomba radhi 2018, shauri likaisha. Jaitley alifariki Agosti 2019.

Kwa insha yako, usiishie kwenye matokeo ya hukumu ya 2018. Mahakama haikusema kwamba mgongano wa maslahi haupo. Ilisema kanuni iliyopo haina katazo hilo, na kazi ya kutunga kanuni si yake. Hoja yako ijenge hapo: je, Baraza la Mawakili litunge katazo, na limguse nani, mbunge wa kawaida au wale tu wenye vyeo kama kile cha Jaitley?